Portbou, Mji Uliolishwa na Reli Zisizolingana

Portbou ni mji wa mwisho wa Hispania kwenye pwani ya Mediterania. Ukivuka handaki la reli umeshaingia Cerbère, Ufaransa. Wakazi wake ni kama elfu moja tu, lakini stesheni yao ingeutosha mji mkuu: paa refu la chuma na vioo, reli zimejaa bonde zima, na nyumba zimesukumwa chini kwenye kihori. Ndivyo ilivyo, kwa kuwa reli ndiyo iliyotangulia. Kabla ya njia hii kufunguliwa mwaka 1878, hapa palikuwa na wavuvi wachache, na hadi 1934 mji ulihesabiwa chini ya kijiji jirani cha Colera.

Reli za Ufaransa zina upana wa milimita 1,435. Hispania ilikwishaamua mwaka 1844 kujenga za kwake pana zaidi, kwa takriban sentimita 23. Wengi husema ni kwa hofu ya kuvamiwa na Wafaransa kwa treni. Hadithi tamu, ila wahandisi walikuwa wakitafuta nafasi ya boila kubwa za kupandia milima. Aliyewahi kuona shehena ikihamishwa Kidatu, TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, hahitaji kuelezwa matokeo yake. Kila mzigo ulishushwa na kupakiwa upya. Upande wa Cerbère machungwa ya Hispania yalibebwa na wanawake kwa vikapu, behewa hadi behewa, na mwaka 1906 wanawake hao waligoma. Portbou nayo ikajaa mawakala wa forodha, makarani, askari, wachukuzi na wenye hoteli, wote wakila kwa sababu treni haikuweza kupita.

Mwanzoni mwa 1939, Jamhuri ya Hispania iliposhindwa vitani, wakimbizi wengi walipita hapa kwenda Ufaransa. Mwaka uliofuata mkondo ukageuka. Walter Benjamin, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi, aliwasili kwa miguu kupitia milimani. Polisi wakamwambia atarudishwa Ufaransa, na Septemba 26, 1940 akafia hotelini. Inaaminika alimeza mofini. Tangu 1994 kando ya makaburi kuna kumbukumbu yake iliyobuniwa na Dani Karavan: ngazi ndani ya kuta za chuma, zikiteremka kuelekea baharini.

Mabomu ya vita hayakuumaliza mji. Amani ndiyo iliyouweza. Januari 1, 1993 ukaguzi wa forodha kati ya nchi za Jumuiya ya Ulaya ulifutwa, na mawakala wakakosa kazi. Kisha reli ya mwendo kasi, yenye upana wa Kifaransa, ikapitishwa bara. Tangu 2013 treni za Paris na Barcelona zinaunganisha miji hiyo moja kwa moja bila kuiona Portbou.

Treni za kawaida bado zipo, na kila nchi huzifikisha za kwake hadi stesheni ya mwenzake: anayekwenda kusini hubadilisha Portbou, anayekwenda kaskazini hubadilisha Cerbère. Aliyeachwa na treni ana muda wa kuogelea, mradi tramuntana, upepo mkali wa kaskazini, haujaanza.