Uchungu wa haraka: Mama mfanyabiashara aanzishiwe lini?

BUJUMBURA. Chukua mfano wa mama anayeishi Mutanga Sud, ambaye huvuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira kununua vitenge. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa saa nne, wa pili kwa saa mbili. Sasa mimba ya tatu imefika wiki ya 37, naye ana swali moja: aombe kuanzishiwa uchungu siku anayoijua, au asubiri na pengine ajifungulie kwenye foleni ya mpaka?

Hofu yake ina msingi. Wakunga huhesabu uzazi kuwa wa haraka mno ukimalizika ndani ya saa tatu. Mama anaweza kuchanika na kutoka damu nyingi, na kichanga anayezaliwa njiani hupata baridi upesi. Aliyewahi kuzaa hivyo ana uwezekano mkubwa wa kuzaa hivyo tena. Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma mwaka 2006, lakini kufika kituoni ni shughuli nyingine, hasa usiku na mafuta ya gari yakiwa haba.

Hata hivyo, kuanzishiwa uchungu si sawa na kukata tiketi ya basi. Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo kabla ya wiki 41 kwa mimba isiyo na tatizo. Linataka pia kazi hiyo ifanyike, inapowezekana, penye uwezo wa kupasua, na mama aliyepewa dawa asiachwe peke yake. Dawa hizo zinaweza kukaza uchungu kupita kiasi, na mfuko wa uzazi ukapasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi. Kwa hiyo kidonge cha kununua dukani au dawa ya mitishamba isitumike kuharakisha uchungu.

Basi uamuzi ufanywe vipi? Kwanza ni hesabu ya wiki. Kipimo cha picha cha miezi ya mwanzo ndicho kinachoaminika zaidi. Hesabu ikikosewa, mtoto hutolewa kabla mapafu hayajakomaa. Pili ni umbali. Anayekaa dakika kumi kutoka hospitali ana nafasi ya kusubiri. Anayekaa mbali, mwenye historia ya saa mbili, ana sababu ya kumweleza daktari mapema. Daktari akikubali kumwanzishia kabla ya wiki 41, kwa kawaida hangoji pungufu ya wiki 39 kamili.

Njia ya tatu husahaulika: kuusogelea uzazi badala ya kuuharakisha. Kuanzia wiki ya 37, mwachie mwenzio safari za mpakani, lala kwa ndugu aliye karibu na hospitali, patana na dereva mapema, na beba kadi ya kliniki kila uendako. Uchungu ukianza, usingoje uzidi.

Mtoto akikutangulia njiani, usimvute. Mkaushe, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, usikate kitovu kwa wembe wowote uliopo, kisha endelea na safari ya hospitali. Damu ikitoka nyingi, hiyo ni dharura.

Mzigo wa vitenge unaweza kungoja wiki mbili. Mtoto wa saa mbili hangoji.