Wamama, simu, na miaka ya kukoma hedhi



Mama mmoja wa parokia yetu, mwenye miaka 54, alikuwa amekaa miaka miwili bila kuona siku zake. Kisha damu ikarudi. Binti yake alitafuta katika simu, wakasoma kwamba ni mwili unaojisafisha, na kwamba kuna chai inayosaidia. Wakanunua chai. Alipokuja kwangu kuombewa, alisema tu ana "shida ya wamama." Niliomba, lakini sikuuliza neno, kwa sababu niliona haya. Miezi mitano ikapita mbele ya kufika hospitali. Huko walikuta kansa ya mlango wa kizazi. Leo anatunzwa, na mimi ninajifunza kuuliza.

Kukoma hedhi si ugonjwa wala laana. Sara alipita huko. Wanawake wengi hufika kati ya miaka 45 na 55, na tunasema hedhi imekoma miezi 12 ikipita bila damu. Joto la ghafula, jasho la usiku, kukosa usingizi, huzuni na uchungu katika ndoa vinaweza kuja pamoja na majira hayo. Ni vizuri mama asome juu ya hayo, maana anayejua atauliza vizuri zaidi. Lakini asome kama Waberea, waliochunguza kila siku kama waliyoambiwa ni kweli.

Achunguze nini? Kwanza, nani ameandika, na je, anauza kitu? Anayekutisha katika mstari wa kwanza na kukuuzia dawa katika mstari wa mwisho anatafuta pesa yako.

Pili, ni ya mwaka gani, na inahusu mwanamke gani? Mfano ni dawa za homoni. Mwaka 2002, huko Marekani, sehemu ya utafiti mkubwa ilisimamishwa kwa sababu wanawake waliomeza homoni mbili pamoja walionekana kuwa na hatari zaidi ya kansa ya matiti na kiharusi. Habari hiyo ingali inazunguka. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Baadaye waganga walieleza kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 na anayeteswa sana na joto hilo, faida mara nyingi inapita hatari. Lakini aliyewahi kuugua kansa ya matiti, au damu kuganda katika mishipa, kwa kawaida hapewi. Habari ni moja, lakini jibu la mama Furaha si jibu la jirani yake. Simu haijui historia ya mwili wako.

Kwa hiyo, uliyosoma uyapeleke kwenye kituo cha afya. Andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi ya mwisho, yanayokusumbua, dawa zote unazomeza, hata za miti, na maswali yako. Muuguzi hatakasirika.

Lakini mambo mengine hayangoji kusoma: damu yoyote baada ya hedhi kukoma, hata tone, damu baada ya kulala na bwana, uvimbe katika titi. Pengine si kitu kibaya. Pengine ni kansa, na ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi.

Wachungaji wenzangu, tuombe, na baada ya amina tuulize: "Mama, umefika kwa muganga?" Ukiona haya, mwite mama mchungaji au mkubwa wa wamama. Na ninyi mabwana, toeni nauli bila kunung'unika. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.