Uvimbe wa Ovari Ukionekana Katika Ujauzito

Desemba 1809, katika mji wa Danville, Kentucky, nchini Marekani, daktari Ephraim McDowell alilipasua tumbo la Jane Todd Crawford, tumbo lililodhaniwa kuwa la mapacha waliopitiliza siku. Kilichotoka ni uvimbe wa ovari wenye uzito wa karibu kilo 10. Dawa ya usingizi haikuwepo. Mama huyo alipona, akaishi hadi 1842.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mimba ni ya kweli, na uvimbe huonekana bila kutafutwa, mjamzito anapopimwa altrasaundi ya umri wa mimba. Wengi hutoka chumba cha kipimo wamesikia "saratani", neno ambalo hakuna aliyelitaja.

Hofu hiyo inaeleweka, ila kwa kawaida uvimbe wa wiki za mwanzo ni kifuko cha maji kilichobaki pale yai lilipochomoka. Kifuko hicho kina kazi: hutoa projesteroni, homoni inayoishikilia mimba mpaka kondo la nyuma lipokee zamu. Kikiwa chini ya sentimita 5, mara nyingi hunywea chenyewe kufikia wiki ya 16. Kukiondoa mapema bila sababu ni kuichezea mimba.

Aina nyingine ya uvimbe, dermoidi, hainywei. Ndani yake hukutwa mafuta mazito, nywele, pengine hata jino. Si mkono wa mtu: chembe za uzazi zilizo ndani ya ovari zinaweza kuzaa nyama ya kila aina.

Saratani ni chache. Daktari hutazama kuta nene, vinundu na maji tumboni. Kipimo cha damu cha CA-125 hupotosha, kwa kuwa mimba changa yenyewe hukipandisha. Picha ya MRI husaidia zaidi, bila gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Ikibidi kupasua na hali si ya dharura, husubiriwa wiki ya 14 ipite, na mara nyingi matundu madogo hutosha. Hata saratani ikithibitishwa, baadhi ya dawa zake huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, mimba ikiendelea.

Linalohitaji mbio ni ovari kujisokota na kujikatia damu. Maumivu makali hushika ghafla upande mmoja chini ya kitovu, pamoja na kutapika, na kutapika huko ndiko kunakodanganya, kwani nyumbani huitwa kichefuchefu cha mimba. Mgonjwa akiwahishwa hospitali, daktari huisokotoa ovari, na mara nyingi huokoka.