Zabibu Nyeupe: Mjue Mnunuzi Kabla Hujanunua Nguzo na Waya



Juzi kijana mmoja wa Manyoni kanifuata. Ana ekari moja, ana kisima, na ana mbuzi 12 anaotaka kuwauza apate hela ya nguzo na waya. Swali lake: "Afisa, nipande zabibu nyekundu au nyeupe?" Nikamwambia swali ni zuri, ila ameanzia katikati. Mbuzi ukishauza hawarudi, na mzabibu ukishapanda utakaa nao miaka mingi. Tuanze mwanzo.

Nyeupe ina tofauti gani?

Majirani zetu wa Dodoma waliletewa zabibu na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana miaka ya 1950. Leo aina zinazojulikana zaidi kule ni Makutupora nyekundu, ya mvinyo mwekundu, na Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa, ya mvinyo mweupe. Ukipogoa kwa ratiba, unavuna mara mbili kwa mwaka.

Rangi ya mvinyo mwekundu inatoka kwenye maganda, kwa hiyo juisi huchachuka pamoja nayo. Nyeupe hukamuliwa haraka, maganda yanatolewa, na juisi peke yake ndiyo inayochachushwa, tena mahali pa baridi ili harufu ya tunda isipotee. Kwa mkulima maana yake ni moja: zabibu nyeupe haisubiri. Ukivuna saa sita mchana, ukajaza kwenye viroba, halafu ukashinda barabarani unasubiri gari, punje zinapasuka na juisi inageuka kahawia. Mnunuzi akikataa mzigo huo, usimlaumu.

Tujifunze kwa familia moja ya Ufaransa

Familia ya Hugel, katika kijiji cha Riquewihr, jimbo la Alsace, ipo kwenye kazi ya mvinyo tangu mwaka 1639. Nimewachagua kwa sababu sehemu yao nayo ina mvua chache: milima ya Vosges inaizuia, na mji jirani wa Colmar ni kati ya miji mikavu ya Ufaransa. Ila wao wana baridi kali, wanavuna mara moja tu kwa mwaka.

Wanauza hasa mvinyo mweupe, na jina la zabibu linaandikwa kwenye chupa. Riesling ni mkali kidogo kama limau. Gewurztraminer unanukia waridi na viungo. Pinot Gris ni mzito mdomoni. Muscat unanukia zabibu yenyewe. Upo pia Gentil, ambao ni mchanganyiko wa aina kadhaa.

Aina hiyohiyo ikiachwa kwenye mti hadi sukari ipande sana, inatoa mvinyo wa bei ya juu uitwao Vendange Tardive, yaani mavuno ya kuchelewa. Kiwango cha sukari ya zabibu zake kimewekwa kisheria tangu 1984.

Sasa sikia hili. Pamoja na mashamba yao, wananunua pia zabibu kwa wakulima wenye mikataba. Mkulima anapogoa akiwa tayari anajua mzigo unakwenda wapi.

Sukari ndiyo kipimo

Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja ya juisi huzaa asilimia 1 ya kilevi. Juisi yenye gramu 200 itatoa mvinyo wa asilimia 11 hadi 12. Ndiyo maana mnunuzi makini anapima sukari kabla ya kupanga bei. Ukivuna mapema kwa kukimbilia hela, unajipunja mwenyewe.

Ushauri wangu

1. Mnunuzi kwanza. Muulize anataka aina gani, sukari kiasi gani, anapokea tarehe gani na analipa lini. Majibu yawe kwenye maandishi. Dodoma kumekuwa na misimu zabibu zikaozea shambani kwa kukosa soko.

2. Vipando safi. Nenda TARI Makutupora, ile ya Dodoma, usije ukashukia Makutupora yetu ya Manyoni.

3. Anza na robo ekari. Ujifunze kupogoa, kupambana na ubwiri unga na kuzuia mchwa kabla hujaongeza.

4. Hesabu kurudi nyuma. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni karibu miezi minne. Pogoa kwa kufuata tarehe ya mnunuzi.

5. Vuna alfajiri, weka kwenye kreti, peleka siku hiyohiyo.

6. Uwe na njia ya pili. Kule Dodoma wapo wanaokamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda. Inahitaji vyombo safi na kikundi, usiingie peke yako.

Na kama dini yako hairuhusu biashara ya mvinyo, panda zabibu za mezani tangu mwanzo. Chenin Blanc ina punje ndogo na mbegu, sokoni haitashindana nazo.

Yule kijana hajauza mbuzi. Jumatatu anapanda basi kwenda Dodoma na daftari lake la maswali. Akirudi na mnunuzi, ndipo tutachimba mashimo.

Tukutane shambani.