"Chuma Kisichoshika Kutu" Nacho Hulika

Katika kazi za tafsiri, wanafunzi wetu aghalabu hukutana na istilahi "chuma kisichoshika kutu". Ndicho chuma cha vijiko, masinki ya jikoni na vifaa vya upasuaji. Istilahi hii inaeleweka upesi, lakini inaahidi kupita uwezo wa chuma chenyewe. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa mfano wa seli ya fueli.

Chuma hiki, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kina kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu huungana na oksijeni ya hewani na kufanya gamba lenye unene wa nanomita chache tu. Gamba hilo ndilo kinga. Likikwaruzwa hujifunga tena, mradi oksijeni ipo. Kwa hiyo kinga si tabia ya chuma peke yake, bali hutegemea pia mahali kilipo.

Seli ya fueli hukutanisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, ikatoa umeme, joto na maji. Aina inayotumika katika magari ina utando wa plastiki maalumu katikati, na hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi za selsiasi. Seli moja hutoa chini ya volti moja inapofanya kazi. Hivyo nyingi hupangwa pamoja kama vitabu rafuni, na baina yake huwekwa mabamba ya kupitisha umeme na kuongoza gesi. Chuma chetu kinafaa kwa mabamba hayo kwa sababu ni imara na hukubali kufanywa chembamba.

Taabu ni kwamba humo ndani mna joto, unyevu, asidi na ioni za floridi zitokazo katika utando unapochakaa. Chuma huanza kulika. Ioni zake huingia katika utando, huzuia protoni kupita na kuchochea kemikali zinazouharibu zaidi. Gamba nalo likizidi unene, hukinga vizuri lakini huzuia umeme. Ndiyo maana wahandisi hupima mambo mawili kwa pamoja: kasi ya kulika na ukinzani wa umeme. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika malengo yake ya mwaka 2020, ilitaka mkondo wa kulika uwe chini ya mikroampea 1 kwa kila sentimita ya mraba. Njia mojawapo ni kulipaka bamba kaboni au dhahabu. Gari la Toyota Mirai la mwaka 2014 lilitumia titani iliyopakwa kaboni.

Sisi walimu wa lugha tunapata nini hapa? Kutu ni ile hali ya wekundu inayoonekana chuma kikipatwa na maji na hewa. Kulika ni dhana pana zaidi: bamba laweza kulika bila kuonyesha kutu hata kidogo. Mfasiri akiandika kwamba bamba "halishiki kutu", msomaji wa maabara ataamini kuwa ni salama, ilhali ioni zinatoka. Tuwafundishe wanafunzi kutenganisha maneno haya mawili, na kupendelea "chuma kinachostahimili kutu". Kustahimili kuna mipaka, na mipaka hiyo ndiyo mhandisi anayotaka kuijua.