Mapumziko Yaliyolipiwa kwa Damu

Kila Jumatatu ya mwisho ya mwezi Mei, ofisi nyingi za Marekani hufungwa. Familia hubeba nyama na makaa zikaelekea ufukoni; maduka hupunguza bei. Wala si kosa mfanyakazi kupumzika na watoto wake.

Lakini siku hiyo haikuwekwa kwa ajili ya nyama choma. Mwaka 1868 Jenerali John Logan aliwaomba wananchi wapeleke maua, tarehe 30 Mei, kwenye makaburi ya askari waliokufa wakiutetea umoja wa nchi yao katika vita vya 1861 hadi 1865. Tangu 1971 sikukuu huangukia Jumatatu, ili watu wapate siku tatu mfululizo za mapumziko. Askari wa zamani wamelalamika: mapumziko yamekumbukwa, makaburi yamesahauliwa.

Hata hivyo, hawakusahau wote. Kule Arlington askari huchomeka bendera ndogo mbele ya makaburi ya wenzao. Na mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria ya kuwahimiza wananchi wanyamaze, saa tisa alasiri, kwa dakika moja.

Dakika moja! Mama aliyezika mwanawe vitani humkumbuka mwaka mzima.

Nasi Watanzania tunayo Siku ya Mashujaa, Julai 25. Na huko Kaboya, mkoani Kagera, wamelala vijana wetu waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin. Ndugu mzazi, mwanao akikuuliza hao ni akina nani, utamjibu nini?