Njia Ikifungwa, Msitu Unabaki wa Nani?

Kila ifikapo Septemba, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, maelfu ya watu huchukua bunduki na pinde wakaelekea milimani kuwinda. Wengi wao hawana vitalu vya kukodi wala mashamba yao wenyewe. Huenda katika misitu ya umma, iliyo mali ya taifa zima. Na kwa miaka 20 hivi sasa wamekuwa wakikutana na jambo linalowagawa wao kwa wao: geti la chuma, au lundo la kifusi, mahali ambapo baba zao walikuwa wakipita na gari.

Jambo hili laonekana kuwa mbali nasi, na tusingelileta katika ukurasa wa familia lau si swali lililotufikia kutoka kwa ndugu zetu waishio Boise, katika jimbo la Idaho, ambako Wakongo na Waburundi wasemao Kiswahili wamepewa makazi. Wao huwinda ili wapate nyama ambayo hawana shaka nayo. Baba yao amezeeka, magoti hayamruhusu kupanda mlima, na njia waliyoizoea imefungwa. Je, wakizunguka geti kwa gari, nyama watakayopata ni halali? Na serikali ina haki gani ya kumfungia mtu kile ambacho yenyewe inasema ni chake?

Tumeona kuwa maswali haya mawili hayajibiwi kwa mstari mmoja, na kwamba la pili ndilo zito zaidi.

Idara ya Misitu ya Marekani, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, inasimamia takriban hekta milioni 78. Ndani yake zimo barabara zenye urefu wa karibu kilomita 600,000. Ukiziunganisha zingeizunguka dunia mara 15 hivi. Barabara hizo hazikujengwa kwa ajili ya wawindaji. Nyingi zilichongwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kutolea magogo. Biashara ya magogo ikapungua, barabara zikabaki, na waliozirithi ni wawindaji, waokota kuni na wachuma matunda ya porini. Urithi usio na fungu la matengenezo ni raha mpaka mvua inyeshe. Makaravati huziba, maji hukata njia, na udongo huteremka mtoni ukafunika changarawe ambamo samaki hutaga mayai.

Mpaka mwaka 2005, katika misitu mingi, njia ilihesabiwa kuwa wazi hadi itangazwe kuwa imefungwa. Kanuni iliyotolewa Novemba mwaka huo ililigeuza jambo hilo. Kila msitu uliamriwa kutoa ramani ya njia za vyombo vya moto: iliyomo katika ramani inapitika kwa msimu na aina ya chombo kilichotajwa, na isiyokuwemo imefungwa, hata kama hapana geti wala kibao. Waliosoma fiqhi wataona upesi kilichotendeka: asili ya jambo imehamishwa kutoka ruhusa kwenda katazo. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kuwa hakuona kibao. Ramani ndiyo kibao, nayo hutolewa bure.

Hapa pana nukta ambayo wenye hasira huipita haraka. Kinachofungwa ni njia ya gari. Mwenye kwenda kwa miguu au kwa farasi haguswi na ramani hiyo, na kibali chake cha kuwinda hakipungui thamani. Hivyo aliyesema kuwa amefukuzwa msituni amezidisha. Lakini aliyemjibu kuwa hakupoteza kitu naye hakumtendea haki, na tutaeleza kwa nini.

Msitu wa taifa wa Wallowa-Whitman uko kaskazini-mashariki ya Oregon, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Boise. Ukubwa wake unakaribia hekta milioni moja. Mwanzoni mwa mwaka 2012 wasimamizi wake walitangaza mpango wa kuzifungia gari njia zenye urefu wa maelfu ya kilomita. Watu wa miji midogo ya huko walikuja juu: wawindaji, wafugaji, na wazee ambao kuni za majira ya baridi huzitoa msituni. Wiki chache hazikupita mpango ukaondolewa. Tangu hapo ukitaja ramani ya njia katika eneo hilo, mikutano huchemka.

Lakini ndani ya msitu huohuo, kusini-magharibi ya mji wa La Grande, lipo eneo la utafiti liitwalo Starkey, lenye takriban kilomita za mraba 100, lililozungushiwa uzio mrefu tangu mwaka 1987. Humo watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi nyendo za elki, mnyama mfano wa kulungu lakini mkubwa zaidi, mwenye pembe za matawi. Waliloliona ni kwamba elki huzikimbia njia zenye magari, na kadiri magari yanavyozidi ndivyo anavyokaa mbali. Walipolinganisha pikipiki za magurudumu manne na watembea kwa miguu, baiskeli na farasi, hizo pikipiki ndizo zilizomhangaisha zaidi.

Sasa elki akihangaishwa huenda wapi? Mara nyingi huteremka kwenye ardhi ya watu binafsi, ambako gari za wageni haziingii. Huko mwindaji haingii ila kwa idhini, na idhini nyingi huuzwa kwa fedha ambazo mfanyakazi wa kiwanda cha nyama au dereva wa lori hana. Basi tazama yanayotokea: njia zikiachwa wazi zote, kila mtu anafika msituni lakini mnyama ameondoka, na anayempata ni tajiri. Zikifungwa baadhi, mnyama anabaki katika ardhi ya umma, na anayempata ni mwenye miguu mizima. Maskini kijana hunufaika na geti. Maskini mzee hudhurika nalo. Wote wawili huzungumza kwa jina la mwindaji wa kawaida, na ndiyo maana hawasikilizani.

Uzito wa madhara ya mzee haufahamiki mpaka mtu aujue mzigo. Elki dume aliyekomaa hufikia takriban kilo 300. Ukishamchuna na kumtoa mifupa, bado kuna mizigo kadhaa ya mgongoni, na jua la Septemba huharibu nyama upesi. Kilomita nane kutoka kwenye gari kwa kijana ni siku mbili za jasho. Kwa mtu wa miaka 70 ni nyama itakayooza, na kupoteza nyama baada ya kuitoa roho ni jambo ambalo mwenye kumcha Mwenyezi Mungu haliingii akiwa anajua.

Katika dini yetu, kuifunga ardhi ya umma kwa maslahi ya umma si jambo geni. Lina jina: himaa. Mtume (S.A.W.) alikanusha himaa ya wakubwa wa zama za ujinga, waliojifungia malisho mazuri kwa ajili ya ngamia zao, akaibakisha ile iliyo ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani ya manufaa ya wote. Aliifanya Naqii kuwa himaa ya farasi. Makka na Madina zina maeneo ambayo kuwinda ndani yake ni haramu. Kwa hiyo hoja ya kwamba kilicho cha wote hakifungwi kamwe haina mashiko kwetu.

Linalobaki ni namna ya kufunga. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru, kuwa msimamizi wa himaa. Alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aihofu dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwambia amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, ambao ni masahaba wakubwa na wenye mali. Sababu aliitoa mwenyewe: wale wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama yule mnyonge mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni. Na Umar hakudai kuwa ardhi ni yake. Alikiri kuwa ni ardhi ya watu wake, na kwamba lau si wanyama wa kuwapandisha watu katika njia ya Allah asingeizuia hata shubiri moja.

Kwa kipimo hicho, tunavyoona sisi, msimamizi wa msitu anayefunga njia ili mto usijae udongo na elki asihame hajadhulumu. Anaweza kudhulumu ikiwa hakutazama ni nani anayebaki nje. Kanuni ya 2005 ina milango miwili midogo. Kiti cha magurudumu cha mlemavu, hata chenye mota, ilimradi kimetengenezwa kwa ajili hiyo na chafaa kutumika ndani ya nyumba, kinaruhusiwa popote mguu unaporuhusiwa. Aliyeiona miinuko ya Oregon ataelewa kwa nini tunauita mlango mdogo. Mlango wa pili ni kwamba msimamizi anaweza kuruhusu, kwa uchache, gari itoke nje ya njia kwa umbali maalumu ili kumchukua mnyama mkubwa aliyekwisha kuwindwa. Misitu mingine imeutumia, mingine imeukataa.

Wapo pia wenye dai la zamani kuliko wote. Mwaka 1855 makabila ya Cayuse, Umatilla na Walla Walla, na vilevile Nez Perce, yaliweka mikataba na serikali ya Marekani. Yalitoa ardhi, yakabakisha haki ya kuwinda, kuchimba mizizi na kuchuma matunda katika ardhi isiyomilikiwa na mtu. Ramani yoyote ya njia huko huchorwa juu ya ahadi hiyo.

Na ahadi ndiyo inayoturudisha kwenye nyama. Suratul-Maida huanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba, na katika aya hiyohiyo inataja katazo la kuwinda kwa aliye katika ihramu. Mbele yake, aya ya 94 inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu huwajaribu watu kwa mawindo yaliyo karibu na mikono na mikuki yao. Mtihani umo katika urahisi wa kufikia. Mnyama aliyepigwa kwa silaha yenye kutoboa, likatajwa jina la Allah, akafa kwa jeraha hilo, au akakutwa hai akachinjwa, hageuki mzoga kwa sababu gari ilipita njia iliyofungwa. Ni mfano wa swala katika ardhi ya kuporwa: kwa wanavyuoni walio wengi inaswihi, na mwenye kuiswali ana dhambi. Aliyechukua kibali ameingia mkataba, na kuzunguka geti ni kuuvunja. Familia isiutenganishe mlo na hilo kwa kisingizio cha uhalali wa nyama.

Kwa wale ndugu, tunashauri wachukue ramani ya mwaka huu na waulize ofisi ya msitu kuhusu ruhusa ya kuchukua mnyama kwa gari kabla ya kununua kibali. Kanuni inawataka wasimamizi kuwashirikisha watu wanapochora ramani, na maoni hupokelewa kwa maandishi hata kutoka kwa asiye raia. Wataje namba ya njia, wiki za msimu wanazozihitaji, na umri wa mzee wao.